Waya wa Pini Mbili na Sauti ya Mwalimu Seif

Vijana wangu mnaobeba spika, mimi nimestaafu bila barua ya kustaafu. Magoti ndiyo yaliyonistaafisha. Siku moja niliinama nyuma ya jukwaa kuchomeka waya, nikabaki hukohuko nimeinama, mpaka wanakwaya wakadhani nimeanza sala. Wakainama na wao.

Shule niliishia kidato cha pili. Kidato kilinishinda, au mimi nilikishinda, mpaka leo hatujaelewana. Kwa hiyo humu msitafute fizikia. Nitawaambia yale niliyoyaona kwa macho, niliyoyasikia kwa masikio, na yale machache niliyoyaunguza kwa mikono yangu mwenyewe. Machache, nimesema. Msiende kuuliza mtaani kwetu Isevya.

Mkija nyumbani mtaona ukutani, pale wenzangu wanapotundika picha ya harusi, nimetundika waya. Upande mmoja una pini mbili ndogo, nyekundu na nyeupe, zile za kuingia nyuma ya deki ya kaseti. Upande mwingine una jeki moja nene. Niliulehemu mwenyewe nikiwa kijana, na miaka yote niliuamini kuliko nilivyojiamini mimi. Ndio ulionitia aibu kuliko kitu chochote katika kazi hii.

Lakini kwanza mumjue Bi Nasra.

Bi Nasra alikuwa fundi redio. Mnasikia? Mwanamke, enzi zile, na buibui lake, amekaa nyuma ya meza na kijiti cha kulehemu mkononi, moshi unapanda kama anachoma ubani. Duka aliachiwa na baba yake. Ukoo wao ulitoka Omani zamani, ukapanda na misafara kutoka pwani, ukafika Tabora ukaona hapa panatosha. Wateja wapya walikuwa wakiingia dukani wanauliza, "Fundi yupo?" Naye anajibu bila kuinua kichwa, "Yupo, anaitazama hiyo redio uliyoimwagia chai." Kweli redio imemwagiwa chai! Alijua kwa harufu.

Sikio lake la kulia lilikuwa halisikii tangu utotoni. Kwa hiyo alisikiliza kwa moja, na lile moja lilikuwa linasikia mpaka mawazo yako. Mimi nina mawili mazima na kwake nilikuwa kiziwi.

Siku ya kwanza alinitazama juu mpaka chini, akasema, "Wewe Mnyamwezi, unajua kubeba?"

Nikamwambia, "Bi Nasra, babu zangu ndio waliobeba mizigo ya babu zako kutoka pwani."

Akacheka mpaka akaweka chini kijiti cha kulehemu. "Basi njoo ubebe tena. Safari hii nitakufundisha na njia."

Na njia ndiyo aliyonifundisha. Sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo elimu yangu yote ilipo. Kwa Bi Nasra, kitu kinachotoa sauti kiliitwa Pwani. Maiki ni Pwani, kaseti ni Pwani, kinanda ni Pwani. Amplifaya ilikuwa Tabora, mahali mzigo unapumzika, unapangwa, unaongezewa nguvu. Spika ilikuwa Ujiji, mwisho wa safari. Na nyaya zote katikati ziliitwa porini. Kitu kikikosa sauti, hakuniuliza "Kimeharibika nini?" Aliniuliza, "Mzigo umeishia wapi, Maganga?" Basi nianze safari. Pwani mzigo umetoka? Umetoka. Tabora umefika? Haujafika. Basi umepotea porini, shika waya. Nilikuwa nawaona mafundi wengine mjini wakifungua amplifaya nzima kutafuta kosa lililokuwa kwenye waya. Bi Nasra hakuwahi kufungua kitu kabla hajajua mzigo umelala kambi gani.

Ubaya wangu ulikuwa mmoja: mkono. Sikuweza kuona kitufe nisikiguse. Nikikaa karibu na mashine mkono unakwenda wenyewe, kama mbuzi akiona mahindi. Bi Nasra alinifokea kwa ajili ya mkono huu asubuhi na jioni, na katikati ya hapo akanikumbusha.

Sasa turuke. Nimeshatoka kwake, nina vyombo vyangu, nimezunguka na harusi na mikutano na makwaya mpaka mvi zimeanza, ndipo mixa ya digitali ikaingia Tabora. Siku niliyoletewa ya kwanza niliizunguka mara mbili nikitafuta vitufe vyake. Mixa yangu ya zamani ilikuwa na vitufe kama shamba la karanga, kila mstari na vyake. Hii ina vijiti vichache vya kupandisha sauti, na kioo. Nikajua nimeuziwa nusu.

Nikachomeka maiki kwenye tundu namba tano. Nikapandisha kijiti namba tano. Kimya. Nikabadilisha maiki. Kimya. Nikabadilisha waya. Nikambadilisha na muimbaji, labda ndiye mbovu. Kumbe kwenye hizi mashine tundu namba tano si lazima liende kwenye kijiti namba tano! Ndani yake kuna njia, na njia inapangwa kwenye kioo. Aliyeitumia kabla yangu alikuwa amekiambia kijiti namba tano kisikilize kompyuta. Nami nilikuwa naimbisha watu kwenye tundu ambalo hakuna anayelisikiliza. Kwa hiyo ninyi, kabla hamjalaumu maiki ya mtu, tazameni kioo: hiki kijiti kinasikiliza nani?

Naipenda mashine ile, sitaki kuficha. Inakumbuka. Unapanga sauti za kwaya asubuhi, unaihifadhi, ukirudi baada ya wiki unaiita inarudi vilevile. Mke wangu alipoona akaniuliza kama wanaweza kunifungia mimi kifaa hicho.

Lakini kuichomekea vitu vya nje, ndiko kunakopima mtu. Kuna bwana mmoja alitaka nipige wimbo kutoka kwenye simu yake. Waya niliokuwa nao una kichwa cha maiki. Nikachomeka, nimesahau kwamba tundu lile nimeliwashia ule umeme unaolisha maiki za kisasa. Simu ikatoa "tap!" Tangu siku ile tundu lake la hedifoni halisikii wala haliambiliki. Siku hizi, kabla sijachomeka kitu ambacho si maiki, naitazama taa ya umeme ule kama ninavyotazama nyoka: nahakikisha imelala.

Kijijini Ntalikwa nako nilipelekwa kwenye mkutano wa wakulima, video inatoka kwenye laptop, umeme wa jenereta. Nimefika nawasalimia "Mwangaluka", wanaitikia vizuri, nachomeka laptop kwenye mixa: mmmmmmm. Spika zinanguruma kama mashine ya kusaga. Mzee mmoja akaniambia, "Mwanangu, unga tulishasaga jana." Nikahangaika nusu saa. Dawa ilikuwa kuchomoa chaja ya laptop, ikaenda na betri, ngurumo ikafa. Tangu hapo natembea na kisanduku kidogo cha kutenganisha umeme wa kifaa na umeme wa mixa. Sauti inapita, ngurumo inabaki mlangoni. Kinunueni hicho kabla hamjanunua fulana yenye jina la kampuni yenu.

Haya. Sasa huo waya wa ukutani.

Bi Nasra alikuwa na mdogo wake, Mwalimu Seif, aliyefundisha madrasa pale mtaani. Vijana, sauti ile! Akianza kaswida, watu wa baisikeli wanashuka. Siku moja Bi Nasra akamwita dukani amrekodi. Akafunga milango, akaweka maiki moja katikati ya mkeka, Mwalimu Seif na wanafunzi wake wachache na dufu wakasimama kuizunguka. Tukangoja treni ipige honi imalize, ndipo akabonyeza deki. Mimi nilikaa karibu na mashine, na hilo lilikuwa kosa la kunipanga hapo. Basi ikapatikana kaseti moja. Mwalimu Seif alifariki miaka michache baadaye, na kaseti ile ikawa ndiyo sauti yake yote iliyobaki duniani.

Juzijuzi hapa, si siku nyingi, Bi Nasra akaniita. Nikamkuta kibarazani, mzee sasa, fimbo pembeni.

"Shikamoo, Bi Nasra."

"Eh?"

"Shikamoo!"

"Marahaba. Usinipigie kelele, nilikusikia. Nilitaka kujua kama naweza kukusikia tena." Akashika sikio lake zima. "Hili la kushoto nalo linaondoka, Maganga. Daktari kaniambia halitamaliza mwaka."

Nikavuta kigoda, nikakaa upande wa lile sikio.

Akatoa kaseti kwenye kanga. Madrasa ya mdogo wake ilikuwa na mahafali. Alitaka Mwalimu Seif asikike pale, kwenye spika kubwa, watoto waitikie kama zamani. "Redio ndogo siisikii tena," akasema. "Spika kubwa nitamsikia. Mara moja tu, nikiwa bado na sikio." Utepe ulikuwa umechoka, umeungwa mahali pawili kwa gundi. Akanionya: usiuchezeshe kabla ya wakati wake. Unaweza kukatika.

Nilikuwa nimeshastaafu, lakini hiyo nayo ni kazi ya kukataa? Nikaazima mixa ya digitali, nikabeba deki ya Bi Nasra kwa bajaji nimeipakata kama mtoto mchanga, nikafika uwanja wa madrasa asubuhi mapema. Nikajaribu maiki: safi. Nikajaribu spika kwa simu yangu, kwa waya mwingine: safi kabisa. Ustadh Idi, anayeiongoza madrasa siku hizi, akaniambia, "Mzee Maganga, bado umo." Nikavimba kichwa. Kisha nikaunganisha deki kwa waya wangu wa pini mbili, ule wa ujanani, sikuujaribu. Kuujaribu wa nini? Ungenijaribu wenyewe kama ungetaka.

Kosa langu limeshapita mbele yenu hapo. Deki sikuijaribu kwa sababu kaseti haikutakiwa kuguswa, wakati nyumbani nina kaseti nyingine sanduku zima. Ningeijaribu kwa yoyote ile.

Zamu ikafika. Watoto wamepanga mistari, kanzu nyeupe, dufu mkononi. Bi Nasra kawekwa mbele kabisa, kwenye spika ya kushoto, kageuza kichwa ili sikio lake litazame spika. Ustadh Idi akatangaza. Nikabonyeza deki, nikapandisha kijiti.

Shhhhh.

Ndani ya ile shhh, mbali sana, kama mtu anayenong'ona ndani ya mtungi. Dufu zinasikika kama vidole juu ya boksi. Mwalimu Seif hayupo. Nikapandisha. Shhh ikawa kubwa. Nikapandisha tena, shhh ikawa mvua ya bati. Mkono wangu unakimbia kwenye mashine, nagusa hiki, nagusa kile, jasho linaingia machoni. Bi Nasra kajiinamisha mpaka shavu linakaribia spika. Hasikii kitu. Namuona uso wake, na nasema kweli, nilitamani ardhi ya Isevya ipasuke kidogo tu, kwa saizi yangu.

Ustadh Idi akaja akaniambia taratibu, "Mzee, kaseti imeoza. Si kosa lako. Tuendelee na ratiba."

Nikakubali. Huo ndio ukweli. Nikasimamisha deki, nikapeleka kidole kwenye kitufe cha kutolea kaseti.

"Acha hapo!"

Bi Nasra kasimama. Anakuja na fimbo yake, watoto wanampisha. Akafika mezani, hakuitazama mixa, hakunitazama mimi. Akainamia deki.

"Bonyeza."

Nikabonyeza. Hakujisumbua kusikiliza. Alitazama. Deki ile ina sindano mbili ndogo kwenye kioo cha mbele, na zote mbili zilikuwa zinaruka juu chini, juu chini, pamoja kama miguu ya mtu mmoja.

"Zinacheza," akasema. "Mdogo wangu yumo. Pwani mzigo umetoka." Akanyoosha fimbo kwenye mixa. "Hapo Tabora je?"

Nikatazama taa za kijiti cha deki. Zilikuwa zinasinzia, moja inawaka, inazima. "Haujafika, Bi Nasra."

"Sasa mzigo umeishia wapi, Maganga?"

Wazee wote wa madrasa wananitazama. Mvi kichwani, na bado naulizwa maswali ya siku ya kwanza. "Porini," nikasema.

"Porini ni wapi?"

Nikaushika waya wangu. Akautazama, akaufuata kwa kidole kutoka kwenye pini mbili mpaka jeki moja. "Huu si ule uliolehemu dukani kwangu? Nilikuambia ni wa amplifaya yetu ile tu, wala usiupeleke kwa watu." Akarudi kwenye deki, akagonga kwa fimbo. "Chomoa nyekundu."

"Nichomoe? Si tutapoteza hata hiki kidogo?"

"Chomoa nyekundu!"

Nikachomoa.

Vijana, Mwalimu Seif aliingia uwanjani kama mtu aliyekuwa nje ya mlango muda wote anasubiri kufunguliwa. Sauti nzima! Maana kumbukeni nilishapandisha kijiti mpaka mwisho, watu wa mstari wa mbele waliruka. Nikashusha haraka. Kulikuwa na ngurumo kidogo chini yake, lakini nani ana habari na ngurumo.

Nilichokuja kukielewa baadaye ni hiki. Amplifaya za zamani, yetu ikiwemo, zilikuwa zinasoma ncha ya jeki tu, ile pete inayofuata nyuma ya ncha hazikuwa na habari nayo. Ndio maana waya wangu ulifanya kazi miaka yote. Tundu la mixa ya kisasa linasoma ncha na pete, kisha linatoa moja katika nyingine, ili kelele zilizoingia njiani zifutike. Akili kubwa hiyo, naivulia kofia. Lakini mimi nimeliletea kushoto, ile pini nyeupe, kwenye ncha na kulia, ile nyekundu, kwenye pete, na kaseti yetu ilirekodiwa kwa maiki moja: kushoto na kulia ni Mwalimu Seif yuleyule. Tano toa tano. Hesabu hiyo hata wa kidato cha pili anaiweza. Mixa ilimfuta mtu kwa uaminifu kabisa, ikaacha shhh. Kifaa chenye kushoto na kulia kipeni matundu mawili na jeki mbili. Mkiwa na tundu moja tu, leteni upande mmoja.

Na yule mama hakuwahi kugusa mixa ya digitali maisha yake yote. Nimekaa na mafundi wenye vyeti, wengine wazuri sana, nawaheshimu. Sijamuona mwingine anayeweza kusikia kosa kwa macho.

Alirudi kwenye kiti chake, lakini hakukaa. Aliweka kiganja juu ya spika, sikio karibu, macho kafumba. Watoto wakaitikia. Wao hawajawahi kumuona Mwalimu Seif, ila waliingia kwenye kiitikio palepale anapopumua, kana kwamba amewanyooshea kidole. Midomo ya Bi Nasra ilikuwa inakwenda naye neno kwa neno. Pale utepe ulipoungwa, sauti ilijikwaa, nikashika pumzi. Ikaendelea. Pa pili, ikaendelea.

Kaswida ikaisha. Uwanja kimya. Nikawa nangoja utepe upite kidogo ndipo nisimamishe, na katika kimya kile, kutoka kwenye spika zote mbili, ikatoka sauti ya mwanamke kijana, kali, inasikika mpaka barabarani:

"We Maganga! Toa mkono wako hapo!"

Nilishasahau. Siku ile ya kurekodi nilikuwa nimepeleka kidole kwenye kitufe kabla Bi Nasra hajazima deki, akanifokea, na kaseti ikamnakili. Watu wakageuka wote kunitazama. Mimi nikajitazama mkono. Ulikuwa juu ya kijiti.

Watoto walianza kucheka, kisha wazee, kisha Ustadh Idi akakaa chini kabisa. Bi Nasra alikuwa wa mwisho kucheka, maana alikuwa anafuta macho kwanza. Alikuwa amesikia. Kila neno, mpaka lake mwenyewe.

Akanigeukia, kiganja bado kiko kwenye spika.

"Miaka yote hiyo," akasema, "na mkono bado uko palepale."

Nikautoa.